Zabuni ya Feni ya Laptop

Baba Mkubwa wangu alistaafu miaka miwili iliyopita, ila mkono wake wa kulia haukupata barua. Mkono huo bado unagonga mihuri. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa afisa manunuzi wa halmashauri, na muda wote huo hakuna kiti, kalamu wala ndoo ya kudekia iliyoingia kwenye jengo lile bila bei za wauzaji watatu, bahasha tatu zilizofungwa kwa gundi, na kikao cha kamati. Wenzake walimwita Bwana Bahasha. Walidhani wanamkejeli. Yeye alilipokea jina hilo kama mtu anayepandishwa cheo.

Mimi ni mtoto wa mdogo wa mke wake. Naishi nao, chumba cha uani, kwa sababu kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi iko dakika kumi kwa miguu. Kutwa nzima nawatazama watu wazima, wenye ndevu na vyeo vyao, wakitetemeka kwa ajili ya kijisindano. Jioni narudi nyumbani kupumzika. Ndivyo nilivyojidanganya siku nilipohamia.

Friji ya nyumba hii ilinunuliwa kwa miezi kumi na moja. Ilipofika siku ya uamuzi, wauzaji wawili kati ya watatu walikuwa wameshafunga maduka na mmoja alikuwa amehama mji, kwa hiyo mchakato ukaanza upya, na Mama Mkubwa akaendelea kuomba barafu kwa jirani. Kitanda sitaki hata kukizungumzia. Godoro lilitangulia kufika kwa mwaka mzima, wakalala chini na amani zao, maana kila kitu kilikuwa kwenye jalada.

Usije ukadhani ni bahili. Mkono wake si mzito hata kidogo. Kinachomnyima usingizi ni kitu kuingia ndani bila karatasi, na kwa haki ya Mungu ana sababu. Mwaka fulani walikuja wakaguzi pale halmashauri, wakafungua makabati, na maofisa wanne wa idara yake wakaondoka na barua za kufukuzwa. Baba Mkubwa alibaki. Majalada yake yalisomwa siku tatu mfululizo na hakukosekana hata muhuri mmoja. Tangu siku hiyo anaamini kwamba karatasi ndiyo iliyomlishia watoto, na ukimwambia vinginevyo anakuonyesha saa ya ukutani aliyopewa akistaafu. Saa yenyewe haitembei, lakini hati ya makabidhiano anayo.

Mama Mkubwa naye ni mtu wa aina nyingine. Ana miaka hamsini na saba na amefundisha chekechea kwa miaka ishirini na sita. Amewashikisha penseli watu ambao leo wana vitambi na madereva. Kwenye karatasi, hata hivyo, anaitwa msaidizi, kwa kuwa hana stashahada. Aliianza mara ya kwanza, wakaja mapacha. Akaianza tena, mama mkwe akaanguka, akamuuguza kitandani miaka mitatu. Safari hii ameisoma akiwa nyumbani, kwenye laptop kuukuu aliyoachiwa na mwanawe, na amefaulu kila somo. Lilibaki jambo moja tu: kuutetea utafiti wake mbele ya wasahihishaji watatu, kwa video, siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, dakika arobaini. Anayekosa anarudi mwakani. Na mwalimu mkuu wake alishamwambia bila kumung'unya maneno kwamba nafasi ya mkuu wa chekechea itajazwa muhula huu, na anayeitaka alete cheti.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea laptop, na laptop ilikuwa inachemka. Ukiwasha video inavumilia robo saa, inaanza kulia, halafu inazima pu, kimya. Tulimpelekea fundi. Akaifungua, akatoa vumbi la kutosha kujaza kikombe, akairudisha.

"Hii haina ugonjwa," alisema. "Imezeeka tu, inataka hewa chini. Mnunulieni feni yake, kile kibao cha kuweka chini ya laptop. Vimejaa madukani."

Siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, Mama Mkubwa alikunja kitambaa mapajani mwake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Baba Watoto," alisema, "naomba uninunulie ile feni ya laptop. Alhamisi ya wiki ya tatu ndiyo natetea."

Nilisimamisha kijiko. Naishi nao mwaka wa nne na sijawahi kumsikia akisema "naomba uninunulie". Nadhani hata Baba Mkubwa alikuwa hajawahi kusikia, kwa jinsi uso ulivyomchangamka. Alifurahi, sitamsingizia. Alifurahi kabisa. Kisha akafanya lile analolifanya siku zote akifurahi: akainuka kwenda kutafuta jalada jipya.

Wiki ya kwanza iliishia kwenye sifa za kifaa. Aliipima laptop kwa futi ya fundi cherehani mara tatu, akachukua wastani. Waraka wake ulikuwa wa kurasa nne na uliitwa "Mahitaji ya Kifaa cha Kupoozea Kompyuta Mpakato, Kimoja". Feni zake zisipungue mbili. Kelele zake zisizidi za nyuki mmoja aliyetulia. Kisiwe na taa za kumetameta zisizo na manufaa kwa mtumiaji. Kikiwa na waya, waya uwe na urefu usioleta hatari ya kujikwaa, na hapo ukafuata mchoro wa sebule.

Kisha akaunda kamati. Yeye mwenyekiti, mimi katibu. Mama Mkubwa aliandikwa kama mtumiaji wa mwisho, akanyimwa kura ili kuepusha mgongano wa maslahi.

"Lakini si yeye anayeitumia?" niliuliza.

"Ndiyo maana," Baba Mkubwa alinijibu, kwa upole wa mtu anayemwelimisha asiyejua.

Wiki ya pili alivaa koti lake la kazini akapeleka barua za mwaliko kwa wauzaji watatu: duka kubwa la vioo ambalo wahudumu wake wanavaa tai, yule fundi wetu, na mama mmoja mwenye kibanda cha vifaa vya simu karibu na kliniki yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Chaji. Wote walitakiwa kuleta bei kwenye bahasha iliyofungwa, kabla ya saa nne kamili asubuhi, Jumanne. Keshokutwa yake ndiyo Alhamisi.

"Huyu baba yako mkubwa mzima kweli?" Mama Chaji aliniuliza nilipopita kibandani kwake. "Kitu chenyewe kinaning'inia hapo. Si achukue tu?"

Nilimwambia ni mzima, na ndilo tatizo lenyewe. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimeshakata shauri. Nikamfuata Mama Mkubwa jikoni.

"Mama Mkubwa, kesho nitapitia kibandani nikununulie, tuachane na huu mchezo."

Alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua.

"Ukileta hicho kitu humu ndani kwa mkono wako, nitakirudisha."

"Lakini Alhamisi..."

"Alhamisi naijua, mwanangu. Miaka thelathini na mbili sijamwomba huyu mtu kitu. Friji aliitaka yeye. Kitanda alikitaka yeye. Mimi nimeomba hiki kimoja. Aninunulie yeye."

Niliona ni ukaidi wa bure, na kimoyomoyo nikasema wamekutana. Mmoja hawezi kununua, mwingine hawezi kununuliwa kitu na mtu baki, na mimi ndiye katibu wao.

Jumanne sebule ilipangwa kama ukumbi. Kopo la biskuti lenye tundu kwenye mfuniko, ndilo sanduku la zabuni, liliwekwa katikati ya meza. Saa nne kamili kwa saa ya mkononi, maana ile ya ukutani ilishatoa udhuru zamani, Baba Mkubwa akalifungua. Ndani mlikuwa na bahasha moja, ya duka la vioo. Akaigeuza. Aliyeileta alikuwa ameingiza tu ulimi wa bahasha ndani, hakutia gundi. Baba Mkubwa akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza pembeni.

"Haikufungwa. Imeondolewa. Andika."

Nikaandika. Fundi hakuleta bahasha, alituma ujumbe wa sauti kwenye simu. Baba Mkubwa aliucheza mbele ya kamati, yaani mbele yangu: "Mzee wangu, shikamoo. Ile kitu ninayo, we njoo uchukue tu, mambo ya barua ya nini tena na sisi ni watu wa siku nyingi?"

"Hakuna bahasha. Imeondolewa. Andika."

Saa nne na dakika kumi mlango uligongwa. Alikuwa Mama Chaji, jasho linamtiririka, bahasha mkononi, imefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri sehemu tatu kama alivyoagizwa. Mkono wa pili alishika mfuko, na kwenye mfuko kilikuwemo kitu chenyewe.

"Samahani mzee, nilikuwa na wateja. Nimefunga kibanda kabisa nije."

Baba Mkubwa alitazama saa yake.

"Muda umepita, mama."

"Dakika kumi!"

"Umepita."

"Mzee, kitu chenyewe si hiki hapa? Kishike uone. Feni mbili, kimya kabisa."

"Nikikishika utakuwa upendeleo."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kutoka pale aliposimama hadi kwenye ule mfuko hazizidi hatua nne. Aliutazama, akamtazama mumewe, kisha akarudi ndani akafunga mlango taratibu, kama anavyoufunga watoto wa chekechea wakiwa wamelala. Mama Chaji alisonya, akaondoka na mali yake.

"Zabuni imeshindikana," Baba Mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Itatangazwa upya. Siku saba."

"Baba Mkubwa, Alhamisi ni keshokutwa!"

"Najua."

"Sasa je?"

"Nikimpokea aliyechelewa, wale wawili nitawaambia nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba wale wawili wala hawakumbuki kama wamewahi kushindana. Nilitaka kumwambia mengi, mengine si ya kumwambia mtu mwenye mvi. Niliishia kutupa kalamu mezani na kwenda zangu kazini, na siku hiyo kila aliyelalamikia kijisindano alinikoma.

Alhamisi niliomba ruhusa ya asubuhi. Mama Mkubwa alivaa gauni lake la mahafali ya watoto, la bluu, akaiweka laptop juu ya vitabu viwili vya hadithi, kimoja kila upande, ili chini ibaki nafasi ya hewa. Mimi niliwasha feni ya kusimama nikaielekeza pale. Baba Mkubwa alijikunyata kwenye kona ya sebule na jalada lake, anaandaa tangazo jipya. Hakuna aliyemwambia atoke na hakuna aliyemkaribisha.

Wasahihishaji walijitokeza kwenye kioo, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye miwani aliyekuwa mwenyekiti. Kabla Mama Mkubwa hajamaliza salamu, mwenyekiti akainua mkono.

"Mama, tunasikia upepo mkali. Uko nje?"

Nikazima feni. Na hapo ndipo niliposhika tama, maana ile ilikuwa ndiyo karata yetu ya mwisho.

Utafiti wake ulihusu jinsi mtoto wa miaka minne anavyojifunza kusubiri zamu. Naapa sikuchagua mimi, na kama ningetunga ningeona aibu. Alieleza kuhusu bembea moja na watoto thelathini, nani anasukuma, nani anaangua kilio, nani anasimama pembeni na kidole mdomoni. Alizungumza vizuri. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza muda mrefu hivyo bila mtu kumtuma chumvi. Dakika ya kumi, ya kumi na mbili. Nilinyoosha mkono nikagusa ubavu wa laptop, nikautoa haraka. Ilikuwa ya moto kweli kweli.

Dakika ya kumi na nne yule mwenyekiti alivua miwani.

"Mama, umetueleza kuhusu anayelia na anayesukuma. Yule anayesimama pembeni, akisubiri sana na zamu isifike, anafanya nini?"

"Anaacha kuomba," Mama Mkubwa alisema. "Na watu wazima hufurahi, hudhani ameridhika. Humsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Mimi pia niliwahi kuwasifu hivyo, miaka mingi, kabla sijajua ninachokitazama."

Laptop ikaanza kulia. Ile sauti tuliijua. Picha ya wasahihishaji ilikwama mara moja, ikarudi. Mama Mkubwa aliisikia, nikaona mkono wake ukishika ukingo wa meza, lakini macho hakuyatoa kwenye kioo.

Ndipo kiti cha kwenye kona kilipolia. Baba Mkubwa alikuwa amesimama. Akalifungua jalada, akalitikisa mara moja, na wiki tatu za kazi zikamwagika sakafuni: sifa za kifaa, mchoro wa sebule, barua za mwaliko, mihtasari niliyoiandika kwa mkono wangu. Akabaki na lile gamba gumu. Akapiga magoti pembeni ya meza, goti la kulia kwanza, lile analolalamikia kila mvua ikikaribia, na akaanza kupepea.

Alipepea chini ya laptop kwa mipigo mifupi, bila kelele, kama mtu anayeamsha makaa huku hataki kumwamsha aliyelala. Laptop ililia, ikalia, ikapunguza. Nilimwashiria tupokezane. Akatikisa kichwa.

Kwenye kioo yule mwenyekiti alisogea karibu.

"Samahani mama. Naona kama kipara cha mtu hapo chini. Kuna anayekusaidia majibu?"

Mama Mkubwa aliangalia chini, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanze, akamwona.

"Hapana," alisema. "Ni mume wangu. Anaipepea kompyuta isizime."

Mmoja wa wale wanaume aliziba mdomo kwa kiganja.

"Haya," mwenyekiti alisema. "Msisimame basi. Endelea, mama."

Dakika ishirini na sita zilizobaki alipepea zote. Mkono wa kulia ukichoka anahamishia wa kushoto, jasho linamdondoka puani juu ya zulia, shati limemgandia mgongoni. Nilimtazama nikijaribu kuikumbuka hasira yangu ya Jumanne, nilikuwa nimeitunza vizuri kabisa, na sikuiona.

Walimwambia papo hapo kwamba amefaulu. Mwenyekiti aliongeza kuwa cheti kitatoka kabla ya muhula kufungwa. Kioo kikazimwa na Mama Mkubwa mwenyewe, kwa kidole chake, kwa wakati alioutaka yeye.

Tulimwinua Baba Mkubwa kila mmoja upande wake. Goti lilikataa kunyooka kwa muda. Hakusema hongera. Alisimama akizitazama karatasi zake sakafuni, gamba la jalada limekunjika mkononi, halafu akavaa ndala zake akatoka. Hata koti hakuchukua.

"Anakwenda wapi tena?" niliuliza.

"Mwache," alisema Mama Mkubwa, na akaanza kuokota karatasi moja moja. Alizipanga kwa namba za kurasa. Mimi ningezichoma.

Alirudi baada ya nusu saa. Mkononi alikuwa na ule mfuko wa Mama Chaji. Akakitoa kile kibao, akainyanyua laptop, akakiweka chini yake, akachomeka waya. Feni zikazunguka kimya kabisa, na pande zote nne zikawaka taa za bluu na nyekundu, zinametameta kama za duka la nguo lililokosa wateja. Kwenye waraka wetu, ukurasa wa tatu, kipengele cha saba, kifaa hicho kilikuwa kimeshakatazwa. Tena utetezi ulishapita. Hakikuwa na kazi yoyote siku hiyo.

"Umeomba," alisema, macho yakiwa kwenye waya.

Mimi mdomo wangu haukujifunza adabu hata siku hiyo. Huyu ni mtu anayedai risiti ya kiberiti.

"Risiti iko wapi, mwenyekiti? Katibu anataka kuiingiza kwenye jalada."

Alijipapasa mfuko wa shati, wa suruali, akarudia wa shati. Kisha akaacha.

"Nimesahau kudai," alisema.

Mama Mkubwa alikuwa bado ameinama na zile karatasi. Alizishusha sakafuni, akajifunika uso kwa upande wa gauni lake la bluu, akalia. Baba Mkubwa alipiga magoti tena, lile lile la kulia kwanza, akaanza kumsaidia kuokota.